Nilisema Apiyo Amebaki Nyumbani

Admin, jina langu lifiche, na kambi yetu usiitaje. Majina ya watoto tu ndiyo naomba uyaache, maana bila hayo hakuna atakayenielewa.

Nina miaka ishirini na saba. Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha majani ya chai huku upande wa Bomet, mimi huchuma. Sisi ni Waluo, kwetu ni kule ziwani. Mwezi wa tano mwaka jana nilijifungua mapacha wasichana. Kwetu anayetangulia huitwa Apiyo na anayemfuata ni Adongo. Si majina ya kuchagua, mtoto huja nayo. Mwezi wa saba, ule wakati ukungu hukaa hadi saa sita mchana, Apiyo alishikwa na nimonia. Alilazwa siku nne. Alikuwa na wiki kumi. Mume wangu alipakata kale kajeneza mapajani hadi nyumbani, na tangu tumzike hajalitaja jina lake. Mimi pia nilinyamaza, nikiogopa kumuumiza.

Desemba jua likatoka. Nesi wa kliniki akaniambia, "Mama, huyu amekaa ndani sana. Mtoe aone watu." Basi kiangazi chote tukawa tunatoka na Adongo. Kwa shemeji yangu kule Boito alionja parachichi, akakunja uso kama mzee aliyepewa dawa, halafu akafungua mdomo tena. Kanisani jogoo wa sadaka aliwika naye akamjibu, mpaka mchungaji akasema leo amepata kwaya. Aliwekwa kwenye nyasi mara ya kwanza akainua miguu yote miwili, hataki zimguse.

Lakini popote tulipokuta watu wa kwetu, wakishasikia jina lake, swali lililofuata lilikuwa moja.

Siku ya kwanza kumpeleka soko la Roret, mama mmoja anayeuza mitumba ya watoto aliniita.

"Nyar nam, binti wa ziwani, huyu anaitwa nani?"

"Adongo."

"Ah! Na Apiyo umemwachia nani?"

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Jua lilikuwa zuri, Adongo alikuwa anavuta kamba ya kofia, watu wanamchekea. Nikasema, "Amebaki nyumbani na nyanyake."

"Kumbe wewe Adongo ni mlafi! Umemwacha mwenzako ndio ununuliwe peke yako?" Akachakura lile rundo mpaka akapata sweta ya pili, ya njano kama ile niliyokuwa nimeshika. "Mapacha hawavalishwi tofauti. Hii ya Apiyo ni zawadi yangu."

Nilipaswa kukataa. Nilipokea. Na nikiwa njiani kurudi, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye Apiyo kwake alikuwa mtoto tu, anayehitaji sweta.

Nikawa narudi kila siku ya soko. Ananiuliza, Apiyo ameanza kukaa? Ameanza. Meno je? "Adongo moja, Apiyo mawili," nikajibu, kwa kuwa ndiye mkubwa. Nani mtundu? Apiyo. Mama yule alikuwa anacheka hadi anashika ubavu. "Wa kwanza siku zote ni askari! Huyu wa pili ni mgeni wake." Kila mara alikuwa ameniwekea vitu viwili viwili. Vya Apiyo nilivificha chini kabisa ya sanduku langu.

Mwezi wa pili mume wangu alipata siku ya kupumzika, akatupeleka Kimulot tuone msitu. Tuliketi kwenye kivuli, tumetandika leso. Juu ya mti kulikuwa na tumbili, nami nikaanza kupanga nitakavyomsimulia yule mama, kwamba Adongo alipiga makofi na Apiyo akalia akitaka kubebwa. Nikiwa bado napanga, nikasikia mume wangu anapaza sauti.

"Mama Adongo! Umeona? Ametambaa!"

Mtoto alikuwa ameshafika kwenye magoti ya babake, amemshika suruali. Mume wangu anacheka huku machozi yanamtoka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mazishi.

"Umeona alivyoanza na mkono wa kushoto?"

"Nimeona," nikasema.

Sikuona. Mtoto wangu aliye hai alitambaa mara ya kwanza hatua tatu kutoka nilipokaa, na mimi nilikuwa nikimtazama yule asiyekuwepo. Hilo ndilo linalonikosesha raha hata nikimnyonyesha. Nikimtazama usoni naona haya.

Nikaamua nisirudi Roret tena. Wiki mbili sikuenda. Juzi nikapita hapo kwa haraka kununua sabuni, akaniona.

"Unawaficha hao watoto kama pombe ya chang'aa! Mapacha ni wa kushangiliwa. Jumapili baada ya ibada tunakuja, wamama sita. Tumeshanunua beseni mbili, na njia ya kambi yenu nimeshaiulizia."

Nikamwambia baba yao atakuwa kazini.

"Kwani tunamjia baba yao? Wewe chemsha chai tu."

Leo ni Alhamisi. Nikimwambia mume wangu, atajua kwamba miezi hii yote nimekuwa na Apiyo bila yeye. Nikimwambia yule mama, nitakuwa nimemzika mtoto wangu mara ya pili, safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe. Na nikinyamaza, Jumapili watapiga vigelegele mlangoni wakiwa na beseni mbili, na Jumapili hiyo mume wangu hayuko kazini. Ndiye atakayewafungulia.

Nianze na nani, ndugu zangu? Nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini mnishauri pia. Na nyinyi mliobakiwa na pacha mmoja, mtu akiwauliza mwenzake yuko wapi, huwa mnamjibu nini?