Mgongo wa Koti la Mfaume

Mfaume hakuwa mtu wa kukaa kitako. Hata alipokuwa mzima chai aliinywa amesimama, mkono mmoja umeshika kikombe na mwingine unafunga vifungo vya koti. Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo amelazwa kwenye kitanda cha kamba nyumbani kwake Temeke, mguu wa kulia umefungwa plasta, hana la kufanya ila kutazama makuti ya paa. Alijichosha nafsi yake, na zaidi akamchosha mkewe, Mwajabu.

"Nipe maji." Akipewa, hayataki.

"Nifungulie dirisha." Likifunguliwa, analalamikia vumbi.

"Nani huyo kapita?"

Mwajabu, ambaye alikuwa akishona kofia barazani, alijibu bila kuinua macho. "Kapita mbuzi, Baba Zuena. Nikuitie?"

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili. Mfaume alikuwa tarishi wa pikipiki wa kampuni moja ya mkonge, akichukua barua kati ya ofisi ya mjini na mashamba ya njia ya Pugu. Tukutuku, ndivyo watu walivyokiita chombo kile, na watoto wa Kiwalani waliutambua mlio wake kabla vumbi halijaonekana. Mji mzima ulikuwa ukitembea kwa miguu, wenye bahati wakiwa na baiskeli, na yeye, mtoto wa Kizaramo, alipita katikati yao kama aliyeitwa mahali muhimu. Alikipenda chombo kile, tusifichane. Wako waliosema alikipenda kuliko nyumba yake, na Mwajabu hakuwahi kuwabishia.

Siku ya ajali mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na kuusomba mchanga mpaka kwenye kona moja ya njia ya Pugu. Mfaume aliiingia kona ile kwa mwendo wake wa kila siku, ambao haukuwa mwendo wa kuingilia kona. Gurudumu la mbele likateleza. Pikipiki ikaenda zake upande mmoja, naye akaenda zake upande mwingine, chali, akiburuzika juu ya changarawe mpaka mtaro ulipompokea.

Hospitali walimfunga mguu, wakamsafisha mchubuko mdogo mgongoni, wakamrudisha nyumbani. Hapo ndipo hadithi yake ilipoanza, na haikuwa hadithi ya mguu bali ya mavazi. Kila aliyekuja kumpa pole na sukari yake kwenye karatasi alisomewa habari zote. Kofia ya ngozi, ile ya kufunga mpaka masikioni, ilikwaruzika ubavuni lakini kichwa hakikupata hata nundu. Miwani ya vumbi ilipata ufa kioo kimoja, jicho likabaki zima. Glavu ya kulia ililika kiganjani, kiganja chenyewe salama. Buti la jeshi lilingʼoka kisigino, kifundo kikasalimika. Mfupa ulivunjika juu kidogo, pale pale buti lilipokoma.

"Hilo si kosa la buti," alisema Mfaume. "Ni kosa la aliyelishona fupi."

Kisha alilinyooshea kidole koti. Lilikuwa koti zito la ngozi nyeusi, aliloachiwa na Mzungu mmoja mpima ardhi aliyerudi kwao, nalo lilitundikwa kwenye msumari mbele ya kitanda, vifungo vimefungwa vyote, kifua kikimtazama yeye.

"Lile ndilo lililoishinda barabara. Mikono imekwaruzika, tazameni, lakini halikupasuka popote. Mie nikiwa na koti lile, sina cha kuogopa."

Mgeni akinyanyuka kulitazama karibu, Mwajabu alimwahi. "Msiliguse. Lina damu, sijalitoharisha." Watu wa sala wale, walirudisha mikono yao upesi. Mwezi ukapita na mwingine ukafuata, koti halijatoharishwa, na Mfaume hakujiuliza ni kwa nini mwanamke aliyefua hata mazulia ya jirani ameshindwa kufuta koti moja.

Plasta ilipofunguliwa, mguu ulitoka mwembamba na mweupe, kama umeazimwa kwa mtu mwingine. Ofisini wakaleta ujumbe: akiweza kuipiga teke pikipiki ikawaka, kazi yake ipo, masika yakiisha hajaweza, atapewa mwingine. Tangu siku hiyo uani hapakukalika. Mfaume alishika nguzo ya banda na kupiga teke hewa, teke na teke, jasho linamtoka na kuku wanakimbia.

"Baba Zuena," Mwajabu alimwambia siku moja, "mie nakuomba. Si kuna nafasi ya tarishi wa miguu pale pale ofisini? Uichukue hiyo."

"Nitembee na barua mkononi kama mshenga?"

"Kona ile bado ipo."

"Na koti langu lipo."

"Na kama ungekuwa huna koti?"

"Ningefikiri," alisema Mfaume, akapiga teke jingine. "Lakini ninalo."

Mwajabu akanyamaza, akarudi kwenye kofia yake. Mume mwenye akili angeshtuka, maana Mwajabu hakuwa na tabia ya kunyamaza.

Jumapili iliyofuata akaja Polikarpo. Huyu alikuwa mlinzi wa bohari ya kampuni ile ile, Mnyamwezi mwenye kimo na kicheko, anayekaa Kiwalani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo hakubisha hodi kama watu. Aliingia uani ameshika kichwa, analia kwa sauti ya kuita majirani.

"Uwii! Mtani wangu kafa! Kafa, na maiti yenyewe inakunywa uji!"

Majirani wakajaa mlangoni. Mfaume akafurahi, kwa mara ya kwanza tangu alazwe. "Mzaramo hafi kijinga," alijibu. "Nenda zako, mpagazi wee, ukabebe pembe."

"Nitabeba, lakini kwanza urithi. Marehemu alikuwa na koti." Akaingia ndani, akalitungua msumarini, akatoka amelivaa. "Mrithi ndiye mie. Nani anabisha?"

"Chukua, chukua!" Mfaume alicheka mpaka machozi. "Likupike kwa joto hilo mpaka ufike kwenu Tabora."

Watu wakapiga makofi. Mwajabu naye alicheka, ila aliacha kabla ya wenzake. Polikarpo akaondoka nalo mwilini kwenye jua kali, akitembea kinyumenyume mpaka njiani, akiwapungia mkono kama mfalme.

Jumatatu hakulirudisha. Wiki ikaisha, hakulirudisha. Mfaume alianza kwa kucheka, akamalizia kwa kusaga meno. Kitu alichokichukua mtani mbele za watu, na wewe mwenyewe umesema chukua, hakidaiwi kwa ugomvi. Anayekasirika ndiye anayeaibika. Na masika yalikuwa yanaelekea ukingoni. Asubuhi moja, Mwajabu alipokwenda kisimani, Mfaume alichukua fimbo yake akashika njia ya Kiwalani. Alipumzika kila penye mkorosho, akijitukana kwa kupumzika.

Alimkuta Polikarpo akimenya mihogo.

"Mtani, urithi umetosha. Nipe koti langu."

Polikarpo hakutania. Aliweka kisu chini. "Shemeji ndiye aliyenifuata bohari. Alisema, mtani, wa kumnyangʼanya mume wangu koti hili sina ila wewe. Mtu mwingine atagombana naye, wewe hawezi."

Damu ilimpanda Mfaume. "Napangiwa! Mie, mume wa mtu, napangiwa na mke wangu!"

"Kasirika baadaye. Kwanza ligeuze."

Alilitoa ndani, akamwekea magotini, mgongo juu.

Mfaume hakuwa ameuona mgongo ule tangu siku ya ajali. Ngozi ilikuwa imesagika kuanzia mabegani, ikawa nyeupe, ikawa laini kama kitambaa cha kufutia taa. Katikati haikuwapo. Ilikuwa imeisha, na bitana nayo imeisha, zimebaki nyuzi chache zilizoganda damu. Aliingiza mkono, ukapita. Kisha, polepole, akaupeleka mkono ule ule nyuma ya mwili wake, akaupapasa mchubuko wake mdogo, ule aliowaambia watu kwamba aliupata kwenye machela. Ulikuwa pale pale palipo na tundu, juu ya uti wa mgongo.

Koti halikuishinda barabara. Lilikuwa limekwisha, na mtaro ndio uliowahi kumwokoa.

Aliogopa. Aliogopa huku mihogo ikimenywa mbele yake, kwenye jua, mahali salama, akaogopa kuliko alivyoogopa siku ya ajali. Polikarpo alimenya mhogo hadi mwisho bila kumtazama, na huo nao ulikuwa utu.

"Likae kwako," Mfaume alisema mwishowe. "Mali ya marehemu imeshagawanywa."

Alifika Temeke alasiri, mguu umevimba. Mwajabu alikuwa barazani, kofia magotini, hashoni. Alijua alikotoka.

"Nimeuona mgongo wake," alisema Mfaume, akajishusha mkekani kando yake.

"Mie niliuona siku ile ile walipokuvua," alisema Mwajabu. "Kila ukilisifu, Baba Zuena, kila ukilisifu kwa wageni, mie nalitazama ukutani najua nyuma yake pana nini. Nimechoka kujua peke yangu."

Mfaume akailaza fimbo yake chini. Baadaye akasema, "Kesho nitawaambia wanipe ile ya miguu."

Mwajabu akaitika kwa kichwa. Walikaa hivyo, mtu na mkewe. Kisha kwa mbali, upande wa barabara kuu, mlio ukatokea. Ilikuwa tukutuku ya kampuni, kijana mwingine yuko juu yake, anabadili gia mapema mno. Mfaume hakugeuza kichwa. Lakini unyayo wake, ule wa mguu mwembamba, ulijikunja wenyewe ukakanyaga mkeka, ukaachia, ukakanyaga tena.

Mwajabu aliuona. Akamwekea mkono gotini, akabonyeza kwa upole, na chini ya mkono wake goti likaendelea kucheza.