Kioo cha Upande wa Tajiri

Nilichukua kazi ya baba yangu mdogo bila aibu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika usukani, kwenye njia ya mchanga ya kutoka Kilindoni kwenda Utende, na yeye ndiye aliyefukuzwa siku mkufu wa dhahabu wa mke wa tajiri ulipopotea. Bibi huyo alikuwa ameketi mbele garini, upande wa kushoto. Aliposhuka, shingo tupu. Wakasema dereva ameuokota na kuuficha. Aliapa kwa Msahafu mbele ya watu, hawakumsadiki. Wiki iliyofuata nikaitwa mimi, nikaenda. Enzi hizo za Mwingereza magari kisiwani yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole, na kazi kama ile huikatai.

Kiangazi chote kioo cha mlango ule wa kushoto kilikaa chini, na hakuna aliyejali, maana tajiri alipenda upepo. Masika yalipoingia tukanyeshewa tukienda kukagua minazi yake, kanzu ikamlowa mpaka kifuani.

"Unanichukua kama gunia la mbata," alisema. "Kesho nikikute kimepanda."

Asubuhi nikaliingiza gari bandani. Nikazungusha mpini wa kioo: mgumu. Ungezunguka bure, ningejua meno ya ndani yamelika. Nikakibana kioo kwa viganja viwili, nikakivuta juu. Kikapanda upana wa kidole, kikagota. Basi si kutu, kuna kitu kinakizuia. Nikafungua skrubu, nikabandua ubao wa ndani wa mlango, nikaingiza mkono. Vidole vikagusa kitu chembamba kilichojisokota kwenye meno ya mtambo. Nikakinyofoa taratibu, kimejaa grisi nyeusi, nikakifuta kwa shati langu.

Ulikuwa ule mkufu. Kishikizo kilikuwa kimekatika, ukateleza na kutumbukia mlangoni kupitia mwanya wa kioo.

Sikufurahi. Nilichosikia kwanza ni hofu, kwamba nikitoka nao watasema tuliiba pamoja.

Nikampelekea tajiri barazani. Akautazama, akautia mfukoni.

"Alhamdulillahi. Na kioo?"

"Kinapanda, bwana. Lakini baba mdogo..."

"Yule amekwisha pata shughuli nyingine. Yaliyopita tusiyafukue. Ukinyamaza, kazi yako ipo."

Siku mbili sikulala vizuri. Alhamisi nikaenda Ndagoni kwa miguu, nikamkuta baba mdogo anasuka dema la kuvulia samaki.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," akajibu bila kuinua macho.

Nikamweleza yote. Mikono yake ikasimama.

"Miezi yote hiyo umekaa ubavuni mwa mkufu ule," akasema. Kisha akaniangalia. "Kesho Ijumaa. Njoo usimame msikitini, useme kama ulivyoniambia."

"Atanifukuza. Nina watoto wawili."

"Mimi nilikuwa nao wanne." Akaliweka dema chini. "Na wewe uliamini kwamba niliiba?"

Nilichelewa kujibu, na kule kuchelewa kukamtosha. Akarudi kwenye dema lake.

Ijumaa alikuja mjini peke yake. Baada ya sala akasimama, akasema mkufu umepatikana na mwenyewe anao. Tajiri hakupandisha sauti.

"Gari anashinda nalo dereva wangu," alisema. "Muulizeni yeye."

Watu wakanigeukia. Baba mdogo naye akanigeukia, na usoni mwake mlikuwa bado na tumaini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nikasema sikuona kitu.

Kabla masika hayajaisha akahamia Kilwa na wanawe. Sikwenda kumuaga. Tajiri hakunifukuza; nilimwendesha miaka mingi, nikawalea wanangu kwa kazi ile. Baba mdogo alifia hukohuko Kilwa. Binti yake mkubwa ndiye aliyeniletea habari. Alisimama uani akiwa na buibui lake la safari, akasema walikwisha zika, na maji niliyomletea hakuyapokea.