Ufa Nilioufukia kwa Mikono Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwepo watu saba. Alikuwepo mzee Nampoto, mkuu wa genge la barabara. Dadi na Salumu, wachimbaji wa mitaro. Bi Esha, aliyepika uji wa kambi. Nilikuwepo mimi, Zuhura, msichana wa miaka kumi na saba. Na walikuwepo wadogo zangu wawili, Issa na Somoe, niliokuja nao kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia. Baba na mama walikuwa wamefariki wakipishana miezi mitatu. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na shamba letu la muhogo kule Ziwani halikuwa linatosha vinywa vitatu.

Mzee Nampoto alitutazama mmoja mmoja.

"Nimeomba kibarua mmoja," akasema, "nimeletewa familia nzima."

"Hao wawili wangu," Bi Esha akamjibu bila kuinua macho kwenye sufuria. "Wewe chukua huyo mwenye mikono."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Genge letu lilitunza barabara ya udongo inayotoka upande wa Nanyamba na kuteremka hadi bonde la Ruvuma. Vijana wa leo mnaona greda na mkandarasi. Sisi tulikuwa na sururu, chepeo, fyekeo na toroli moja lililopiga kelele hata likiwa tupu. Kiangazi tuliziba mashimo na kufyeka majani pembezoni. Kifuku, yaani majira yetu ya mvua, kazi ilikuwa moja tu: kuyapa maji njia. Maji yakikosa mtaro hupita barabarani, na yakishapita barabarani barabara inageuka korongo.

Sehemu iliyotunyima usingizi ilikuwa mteremko mmoja ambako barabara imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja kuna korongo, na upande wa pili ukuta wa udongo mwekundu wenye kimo cha minazi miwili. Juu yake kulikuwa na shamba la mikorosho. Kila kifuku ukuta ule ulidondosha kidogo, nasi tulisomba na kutupa. Tuliudharau kama mtu anavyomdharau mbwa anayebweka kila siku.

Aliyetufundisha kuuogopa ni Mhandisi wa Wilaya. Alikuja nikiwa na miaka kumi ya kazi, nimeshapata ajira ya kudumu. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na alikuwa amesomea nchi ya milima yenye theluji. Siku ya kwanza alituambia tuchimbe shimo juu ya ukuta, kina cha kiuno. Tukachimba. Akashuka shimoni na suruali yake ya ofisini, akachonga upande mmoja kwa chepeo mpaka ukasimama laini kama ukuta wa nyumba.

"Huko nilikosoma," akasema, "theluji inaanguka leo, inaanguka kesho, inalaliana. Tabaka moja gumu, jingine laini. Wanaotembea milimani wanachimba shimo kama hili wasome matabaka. Kama tabaka laini liko chini na zito liko juu, hawapiti."

"Kwa hiyo huko mvua inakaa mlimani kama unga kwenye ungo?" Dadi akauliza.

"Kama unga wa muhogo kabisa."

"Na wenyewe hawali?"

Mhandisi alicheka mpaka akashika ukingo wa shimo. Kisha akatuonyesha matabaka yetu. Juu kulikuwa na udongo mwekundu wenye mchanga, unaokunywa maji haraka. Chini yake, penye usawa wa goti langu, ulipita mstari wa mfinyanzi mweupe. Maji yakishuka yakifika pale hayapiti. Yanatandaa, na mfinyanzi unalainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Mlima mzima unabaki umekalia sabuni.

Tangu siku hiyo nikajifunza kusoma mlima. Nilikuwa na nondo ndefu kama mimi. Naisukuma ardhini taratibu, ikigoma, vizuri, ikizama ghafla bila nguvu, hapo pana maji. Nachukua mfinyanzi kiganjani na kuuviringisha. Ukikatika, bado mkavu. Ukinyooka kama uzi, umeshakunywa. Natazama mikorosho kama imeanza kuinamia barabarani. Natazama kijichemchemi kilichotoka chini ya ukuta: maji meupe ni salama, maji yenye tope yana maana kwamba mlima unatoka na matumbo yake. Zaidi ya yote, natazama nyufa. Ufa unaopita juu ya ukuta kutoka mwisho hadi mwisho ni mahali mlima unapojikata.

Sasa nieleze kosa letu, maana bila hilo haya yote ni maneno ya kujisifu.

Kwetu mgeni akija uwanja hufagiwa. Mzee Nampoto aliitunza barabara kama mke anavyotunza uwanja wake. Tulipopata habari kwamba Mhandisi anakuja kukagua kabla kifuku hakijakolea, alitupanga.

"Fagieni mitaro, pakeni chokaa mawe. Na kule juu, Zuhura, kuna ufa. Ufukie. Asije akasema tumelala."

Ufa ulikuwa mwembamba, unaingia vidole viwili. Nilijua maana yake, nilikuwa nimefundishwa. Lakini nilijua pia mkuu wa genge ni nani, na kwamba Issa na Somoe walikuwa sekondari kwa mshahara wangu. Niliufukia. Nikaukanyaga kwa miguu, nikapandikiza na majani juu yake. Mhandisi alipita siku ya pili, akatazama, akasema hajaona genge safi kama letu. Mzee Nampoto alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

Kisha ikanyesha siku tatu mfululizo.

Asubuhi ya siku ya nne nilipanda juu peke yangu. Majani niliyoyapanda yalikuwa yameshuka shubiri nzima upande wa barabarani, yamejipanga kwenye mstari ule ule. Nondo ilizama kama imeingia kwenye ugali. Nikateremka mbio kwenye kijichemchemi. Maji yalikuwa mekundu mazito.

Nilikata mti, nikaulaza barabarani mbali na ukuta, nikafunga kitambaa chekundu. Nikamtuma Salumu avuke korongo kabla halijajaa, akaweke mwingine upande wa bondeni.

"Nani kakuruhusu?" mzee Nampoto akaniuliza.

"Mzee, ule ufa umefunguka."

Akainua macho kuelekea ukutani. Halafu akasema polepole, "Ukifunga barabara bila amri na mlima usianguke, kesho huna kazi. Na ukieleza kwa nini, sina kazi mimi."

"Najua, mzee."

Saa nne ikaja pikapu kutoka mjini, nyuma imejaa watu waliovaa kofia na kanzu. Aliyekuwa mbele alishuka kabla gari halijasimama. Aliitwa Bakari, kijana wa umri wangu. Mama yake alikuwa amefariki usiku huo katika kijiji cha bondeni, na maziko yalikuwa baada ya sala ya alasiri.

"Dada, toa mti."

"Mlima unaanguka, kaka."

"Uko wapi unapoanguka? Mbona umesimama?"

"Utaanguka."

"Lini?"

Barabara ya chini, ya upande wa mdomo wa mto, ilikuwa imezama. Korongo alilovuka Salumu sasa lilikuwa limejaa, na shamba la juu ndilo lililokuwa linashuka. Hapakuwa na njia nyingine kwa kundi lile ila kupita chini ya ule ukuta.

"Mimi ndiye mtoto wake wa kiume pekee," Bakari akasema. "Ni mimi wa kushuka kaburini kumpokea. Nitapita kwa miguu, mbio. Ni hatua ngapi pale? Mia mbili?"

Nilisimama mbele ya mti. Wenzake wakaanza kunisema. Mmoja akauliza kama serikali imekosa wanaume mpaka barabara zinafungwa na wanawake. Dadi akamjibu kwamba wanaume wapo, ila wanamwogopa Zuhura. Hakuna aliyecheka.

Ndipo ikafika Landrover ya Mhandisi. Bakari alimkimbilia, akamweleza. Mhandisi akanigeukia akiwa amekunja uso.

"Zuhura, nilikagua hapa majuzi. Juu hapakuwa na ufa. Fungua watu wakazike."

Nilimtazama mzee Nampoto. Alikuwa ameinamia chepeo lake.

"Ufa ulikuwepo, bwana mkubwa," nikasema. "Niliufukia mimi kwa mikono yangu kabla hujaja, nikapanda majani. Leo umeshuka shubiri."

Mhandisi alipanda juu, hakukaa sana. Aliporudi viatu vyake vilikuwa vizito kwa tope.

"Hapiti mtu," akasema. "Hata mimi."

Tulikaa. Bi Esha aligawa uji, hawakunywa. Adhuhuri ikapita, waliswali pembeni ya barabara. Mlima umesimama. Saa nane, umesimama. Nitasema kweli: niliuomba uanguke. Nilikuwa nimefika mahali pa kuomba mlima uanguke ili nisionekane mwongo, na kila nilipomtazama Bakari nikaona aibu kwa dua yangu.

Jua lilikuwa limeshainama, wakati ambao kule chini walikuwa wameshatoka kuzika. Mikorosho mitatu ilianza kutembea. Haikuanguka; ilitembea imesimama, kama watu walioamua kuondoka. Kisha ukuta wote ukaachia kwa mlio wa gunia linalopasuka, na barabara ikatoweka. Tope lilirundikana juu kuliko Landrover, likamwagikia korongoni.

Mzee Nampoto alituita majina. Dadi. Salumu, aliyeitika kwa mbali upande wa pili. Bi Esha. Zuhura. Akawahesabu na wageni, akarudia kuwahesabu. Wote walikuwepo. Salumu alikuwa anacheka kule ng'ambo, kicheko kirefu kisicho na maana, nasi tukaanza kucheka, na Bi Esha akakaa chini kwenye tope akalia. Sijawahi kupumua vile. Ilikuwa kama mtu ameniondolea gunia kichwani ambalo nilikuwa nimesahau kama nimelibeba.

Mhandisi hakumfukuza mtu. "Atakayefukia ufa tena simtaki," alisema. "Ufa unapigiwa vigingi viwili, huku na huku, na kamba katikati, unapimwa kila asubuhi." Ndivyo tulivyofanya miaka yote iliyofuata, na mpaka nastaafu, miaka miwili iliyopita, hakuna mtu aliyefunikwa na udongo katika barabara yetu. Issa ni mwalimu sasa. Somoe ana wajukuu. Vijana walionipokea wana simu zinazowaambia mvua kabla haijanyesha, na kindege chenye kamera kinachopita juu ya ukuta. Ni vizuri. Huwaambia tu kwamba wapande na wenyewe, maana kindege hakijui nani alifukia nini.

Na huwaambia habari ya Bakari.

Jioni ile, wengine wakicheka, yeye alikuwa amekaa kwenye gurudumu la pikapu. Nilimwendea.

"Alhamdulillahi, dada, tu hai," akasema. "Lakini saa nne ningepita."

Ningeweza kumwambia kwamba hatukujua. Lakini aliyefanya tusijue ni nani? Ufa ungeachwa wazi, barabara ingefungwa mapema, watu wa bondeni wangepata habari, labda wangemsubiri.

"Ndiyo," nikasema. "Ungepita."

"Basi una deni kwangu. Siku moja utakuja kwenye kaburi la mama yangu, umwambie mwenyewe kwa nini sikumpokea."

"Nitakuja."

Mwanzoni nilisema barabara bado haijafunguka. Halafu nikasema kazi. Halafu nikasema kifuku, na baada ya kifuku, mavuno ya korosho. Bakari hakunisumbua, kila Idi hunitumia salamu, na mwisho wa salamu huongeza, "Mama bado anakusubiri." Sasa sina kazi, na barabara ina lami mpaka chini. Mwaka huu nilifika mpaka kwenye mteremko, nikasimama pale nilipolaza mti, nikarudi nyumbani. Mimi niliyesimama mbele ya pikapu nzima ya wafiwa, kaburi moja limenishinda.

Bado sijamwambia.