Protokole wa Sebuleni Kwangu

Kama unatafuta hadithi ya kutungwa, nenda kwingine. Haya yalinipata mimi, kule Rosettenville, Johannesburg, asubuhi, jua linawaka, na akili zangu zote ninazo.

Mume wangu, Baba Plamedi, ni Mkongo wa Bukavu, na kila anachopewa na mchungaji wake anakiita baraka. Mwaka 2017 kanisa lao lilipata ukumbi mkubwa mjini, basi mchungaji akamwachia lile jengo lao dogo la matofali tuligeuze nyumba. Limeshaombewa miaka na miaka, akasema. Wao waliona utukufu. Mimi niliona jengo lisilo na bafu wala jiko, paa liko juu kama la ghala, na baridi ya Julai imejikalia humo kama mwenye nyumba.

Tukagawa vyumba kwa mbao. Jiko likakaa ilipokuwa kwaya. Mimbari, Baba Plamedi alikataa kuitoa, akaweka televisheni juu yake, na jioni anasimama mbele yake na rimoti kama anahubiri. Niamini, nimeolewa na mtu wa namna hiyo.

Plamedi alikuwa bado mchanga, meno yanaota, analia sana. Jumapili moja baba yake alikwenda ibadani, mimi nikabaki kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Mlango nilifunga kwa ufunguo; hii ni Joburg. Nimekaa sebuleni namnyonyesha, hataki, analia. Mara mkono ukanigusa begani.

Nikageuka. Mwanamke wa makamo, sketi nyeusi, blauzi nyeupe, glovu nyeupe, utepe wa njano kifuani. Kama umewahi kusali na Wakongo unawajua hawa: protokole, wale wanaokupokea mlangoni na kukuchagulia kiti, wanakutabasamia bila kukupenda. Akainama, akaninong'oneza:

"Mama, tunakuomba utoke na mutoto. Neno iko inaendelea."

Unajua nilifanya nini? Nilinyanyuka nikatoka. Ndivyo tulivyozoeshwa sisi wenye watoto. Ukiguswa bega, unabeba mtoto wako na aibu yako, unakwenda nje. Nilishtuka niko uani na gauni la kulalia, mlango umefungwa nyuma yangu, ufunguo umebaki mezani ndani, na mpaka leo sijui nani aliunifungulia. Nilikaa pale juani mpaka mume wangu aliporudi, jirani Mreno akinichungulia juu ya ukuta.

Nilipomweleza, hakuogopa hata kidogo. Alifurahi. Huyo ni Mama Odile, akasema, protokole mwaminifu, alifariki wiki chache kabla hawajahama, ni heshima kutembelewa naye. Heshima! Siku ya kuhama waliimba, wakaaga majirani, wakagawana mpaka mapazia. Hakuna hata mmoja aliyesimama mlangoni kumwambia yule mama kwamba kazi imekwisha. Nikataka mchungaji aje aseme hilo tu. Akajibu kwa simu kwamba kwanza nifunge, niuchunguze moyo wangu. Moyo wangu, eti.

Jumapili iliyofuata alikuja tena, na safari hii hakuniomba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha mtoto, akambeba analia vilevile, akaelekea mlangoni. Wewe ungekaa kimya? Nilimrukia, nikamshika mkono. Ndani ya glovu hapakuwa na kitu, baridi tu. Lakini mwanangu alikuwa mzimamzima juu ya mkono huo.

"Hapa si kanisa tena," nikamwambia. "Napika humu, nalala humu. Mwanangu atalia humu mpaka achoke. Wewe ndiye utoke."

Alinitazama kwa ile huruma yao, inayokufanya utake kumzaba mtu kibao. Akanirudishia mtoto taratibu. Kisha akaweka kidole cha glovu kwenye midomo yake. Plamedi akanyamaza katikati ya kilio, na yule mwanamke akapita kwenye mlango uliofungwa. Sijamwona tena.

Nilidhani nimeshinda. Sasa sikiliza. Mwanangu hajalia ndani ya nyumba tangu siku hiyo. Aliungua kwa chai ya moto jikoni, akanitazama tu, machozi yanatiririka, midomo imebanwa. Alipoanza kutembea, akianguka anainuka, anakwenda kugonga mlango nimfungulie, anatoka, analia huko nje hata kwenye mvua ya mawe. Akimaliza anajifuta uso, anarudi. Mtoto wa miaka miwili! Baba yake anawasifia wageni adabu ya mwanawe, na mchungaji ameshamtolea mfano ibadani.

Mwaka huu wa 2019 nimemchukua tukahamia, sisi wawili tu, chumba kimoja Joubert Park. Hata huku, akiumia, anakimbilia korido kwanza.

Basi wewe unayetaka kugeuza kanisa kuwa nyumba, usihangaike kuuliza kuna vyumba vingapi. Uliza nani alikuwa anasimama mlangoni. Akiwa ameshakufa, waliokuwa wanamtuma waje wamwachishe kazi kabla hujaingiza hata kijiko. Na wewe mama mwenye mtoto mdogo, wakikutaka utoke kwa sababu analia, kaa hapohapo. Waache wamsikie.