Githeri Niliyowapikia Akina Mama wa Kianjokoma

Jamani, kuna akina mama huku kwetu Kianjokoma ambao mpaka leo wakiniona wanafunika mdomo kwa leso, na mimi siwalaumu, kwa sababu aibu ile nilijitafutia mwenyewe, tena hadharani, tena nikiwa nimevaa aproni nyeupe pe kama mpishi wa hoteli.

Wakati huo mimi ndiye nilikuwa kiongozi wa vijana kwenye mradi wa lishe. Tulikuwa tunazunguka boma kwa boma, tunawapima watoto mkono kwa ule utepe wa rangi, halafu tunawafundisha akina mama mambo ya chakula (naam, mimi ambaye hata sijaoa, nikimfundisha mama wa watoto watano namna ya kulisha, mkicheka, jueni wao walicheka kwanza). Somo langu kubwa lilikuwa magadi. Huku kwetu ukichemsha githeri bila magadi watu wanakuuliza kama kuni umeokota bure, maana ukitia kidogo tu mahindi na maharagwe yanalainika upesi, lakini sisi tulikuwa tumefundishwa kwamba yanaharibu vitamini, basi nikayapiga vita kila jikoni nilikoingia, mpaka mzee mmoja akaniuliza kama magadi yaliwahi kuniibia ng'ombe.

Aliyenisikiliza kwa moyo wote ni Wawira, dada mmoja aliyeolewa mapema, anaishi kwa mama mkwe wake, Cucu Igoki (cucu ndivyo tunavyomwita nyanya huku). Mtoto wake Munene alikuwa ametimiza mwaka lakini mwembamba, ukimfunga ule utepe unasoma manjano, yaani lishe haimtoshi. Wawira akaanza kumpondea maharagwe, anaongeza yai na mboga za terere, na mtoto akaanza kunawiri, hata mashavu yakaonekana. Shida ni kwamba jiko lilikuwa la Cucu Igoki, na Cucu alikuwa amechoka kufundishwa na watoto wa juzi.

"Murimi," akaniambia siku moja, Wawira akiwa amesimama hapo hapo, "mimi nimelea saba. Nitakuja hiyo siku yenu ya mapishi nionje hiyo githeri isiyo na magadi. Ikiiva vizuri, huyu aendelee na nyinyi. Isipoiva, mniachie mjukuu wangu nimlee vile najua."

"Cucu, wewe utaomba uongezwe," nikamjibu. Kweli mdomo huponza kichwa.

Sasa sikieni nilipokosea. Jioni kabla ya siku yenyewe mama yangu aliniuliza kama nimeloweka maharagwe, akataka hata kunisaidia kuyachemsha kidogo, nami nikamwambia, "Mama, hii ni kazi ya vijana, wewe pumzika." Nilitaka ionekane kwamba kijana, tena wa kiume, anaweza kushika sufuria mwanzo mpaka mwisho bila kushikwa mkono. Basi asubuhi tukainjika sufuria kubwa pale uwanja wa kanisa, maharagwe makavu ambayo hayakulowekwa, mahindi ya ghalani magumu kama kokoto, kuni zimenyeshewa na manyunyu ya Julai, na huku karibu na mlima chakula chenyewe hakina haraka hata ukikibembeleza.

Saa sita ikafika, nikatafuna punje moja, nusura nivunjike jino. Akina mama wameshajaa, afisa wa lishe wa kaunti ameshafika (tulimwita Madam tu), na Cucu Igoki amekaa kiti cha mbele kabisa, Wawira kando yake na Munene mgongoni. Mama mmoja akanihurumia. "Murimi, si mtupatie sisi hiyo sufuria? Kuna njia ya kuikomboa."

"Hapana mama, leo nyinyi ni wageni," nikasema, na jasho linanitiririka ndani ya aproni.

Nikazunguka nyuma ya kanisa mpaka kwa duka, nikanunua magadi yaliyofungwa kwa karatasi, nikarudi nimeyaficha mfukoni. Nikangoja maombi ya kufungua mkutano. Watu wote wamefumba macho, pasta anawaombea vijana viongozi wa kesho (Mungu anisamehe), mimi nikafunua sufuria ili nitie kidogo kwa ncha ya vidole, karatasi ikapasuka, yote yakaingia. Povu likapanda likamwagika motoni, moto ukalia fuuu, moshi ukatanda, na ile Amina wengine waliisema wakikohoa.

Githeri iliiva, hilo siwezi kukataa. Iliiva ikapitiliza, ikawa uji wa manjano, na ile terere tuliyoongeza ikawa kijani cha kung'aa ambacho kila mwanamke aliyewahi kupika huku anajua ni cha magadi. Nikapakua hivyo hivyo, nikijipa moyo kwamba njaa haina macho. Cucu Igoki akaonja kijiko kimoja, akakaa nacho mdomoni muda mrefu.

"Murimi," akasema, "hii sabuni ina vitamini gani?"

Uwanja mzima ulicheka. Madam hakucheka. Akaniuliza mbele ya wote, "Murimi, umeweka magadi?"

Hapo ndipo ningesema ndiyo, tukacheka, yakaisha. Mimi nikasema, "Hapana Madam, ni haya maji ya hapa, yana chumvi."

Kicheko kilikatika. Maji yale ni ya mto wao, wanayanywa kila siku. Cucu Igoki akasimama, akasema polepole, "Hayo maji nimeyachota tangu nikiwa msichana." Akamtoa Munene mgongoni mwa mamake, akamfunga mgongoni kwake, akamwambia Wawira, "Twende nyumbani." Wawira aliinuka akamfuata bila kuniangalia, na hapo ndipo nikafungua mdomo nikakiri, lakini waliokuwa muhimu walikuwa wamefika langoni.

Sufuria ilirudi kwa akina mama na sisi vijana tukarudishwa kazi ya kupanga viti. Wenzangu hawakuwa na kosa lolote, na hilo linaniuma mpaka sasa.

Baada ya wiki chache nilienda kwa Cucu kuomba msamaha. Alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai. Wawira alikuwa anamenya viazi pale kando, Munene mapajani, anamlamba mamake vidole.

"Mwanangu, mimi magadi hayakunikasirisha," Cucu akasema. "Hata mimi natumia. Lakini ulituangalia machoni ukasema ni maji. Sasa hayo mengine mlimfundisha huyu, ya mayai, ya maharagwe, nitajuaje ni gani ya kweli?"

Yote yalikuwa ya kweli. Nilijaribu kumwambia, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiwa ile ile ya siku ile uwanjani, nikarudi kwa chai yangu. Nimeapa kwamba kitu kikinishinda tena mbele ya watu nitasema kimenishinda, hata kama kaunti nzima imekaa inasubiri kula. Nilipoinuka kuaga nilitoa utepe nikaomba nimpime Munene, mara moja tu. Wawira akamshushia mtoto mkono wa shati mpaka kiganjani, akaendelea kumenya.