Ndama Aliyengoja Kuitikiwa

Nilikuwa uani naanua nguo nilipomsikia dada yangu akisalimu sebuleni. "Nagaa?" aliuliza, yaani amani, kisha kimya. Shuka liliniponyoka. Dada yangu alikuwa Saudia mwaka wa tatu sasa, na alitarajiwa nyumbani wiki iliyofuata. Nilipochungulia nilimwona bintiye tu, mkekani mbele ya televisheni, na kwenye kioo ndama wa ngamia wa kuchorwa, mwenye macho makubwa, akimtazama.

Nilikuwa nimesahau. Kabla hajasafiri, dada aliajiriwa kutia sauti ya Kiborana kwenye katuni ile ya kufundisha watoto ambao hawajaanza shule. Ndama husalimu, hutaja rangi, huhesabu mbuzi, na kila akiuliza hungoja mtoto ajibu. Katuni ya awali ilingoja kidogo tu. Dada alikataa. Aliwaambia mafundi kwamba kwetu salamu haikatizwi: unauliza amani ya watu, ya mifugo, ya malisho, na kila moja huitikiwa. Wakarefusha kimya. Kwa kuwa hawakuwa na picha za kuongeza, waliigandisha ile ya mwisho. Ndiyo maana ndama alikodoa macho bila kupepesa, mdomo umefungwa, mpaka mtoto amalize.

Binti wa dada aliachwa akiwa na mwaka mmoja. Kwenye simu hakuwahi kumjibu mama yake hata neno. Dada alipofika alikuwa na likizo ya siku kumi, na alitaka jambo moja tu: aitwe Aayo, yaani mama, kabla ya kurudi kazini.

Alirudi amekonda, sauti inakwaruza. Mtoto alimpa mkono kama anavyopewa mgeni, akajificha nyuma ya bibi yake. Mwanasesere aliyeletewa alibaki kwenye karatasi yake. Mama yetu alijaribu kutuchekesha.

"Mbuzi wangu wa soko la Oldonyiro alichukua wiki mbili kunizoea," alimwambia dada, "na huyo nilimpa chumvi."

Dada hakucheka.

Siku ya nane, alasiri, tulikuwa sebuleni, mapazia yamefungwa kwa ajili ya joto. Ndama aliuliza, "Nagaa?" na umeme ukapotea. Kioo kikawa cheusi. Mtoto aliitikia hivyo hivyo, akangoja. Ndipo nyuma yangu sauti ile ikaendelea, nyororo, ya zamani, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kinywani mwa dada tangu ashuke kwenye gari. Iliuliza amani ya watu. Mtoto akakiitikia kioo. Ikauliza mifugo, akaitikia. Malisho, akaitikia.

Kisha dada akauliza lisilokuwemo katika kipindi chochote.

"Mimi ni nani?"

Mtoto alisogea kwa magoti, akabandika kiganja kwenye kioo cheusi.

"Aayo," alisema.

Dada hakusogea. Umeme uliporudi ndama alikuwa tayari anahesabu mbuzi, naye dada alikuwa ameshakwenda uani.

Asubuhi ya safari alichuchumaa mbele ya mwanawe, buibui limeshafungwa, begi liko mlangoni. Alimsalimu kwa sauti yake ya sasa, ile ya kukwaruza, akauliza watu, mifugo, malisho, akimpa muda kila mara. Mtoto aliitikia yote akimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipomaliza alimshika mkono, akamwongoza taratibu, si mlangoni, bali mbele ya televisheni. Ilikuwa imezimwa. Humo ndani tulionekana sote watatu, weusi, bila macho.

"Aayo," alisema kwa upole, "sasa rudi ndani."

Dada alinitazama. Nilifungua mdomo nimsahihishe mtoto, naye akanikataza kwa kichwa. Alimbusu utosini. Mtoto alikaa mkekani, mikono mapajani, akakikazia kioo macho, akangoja.

Dada alivua viatu, akavishika mkononi pamoja na begi, akatoka kwa ncha za vidole, akauvuta mlango nyuma yake polepole hadi ukafungika bila sauti.