Jani la Chanda

Tangu Jumamosi sipiti njia ya kanisa hapa Nchelenge. Natembea kandokando ya ziwa kama mwizi wa samaki.

Mimi ni fundi wa shaba kutoka Elisabethville. Tata Mulenga, mzee wa kanisa, aliniagiza mti wa ukoo wa shaba, zawadi ya harusi ya binti yake, kila jani na jina. Akanitajia mkewe na watoto, kisha akacheka: "Na Chanda, bibi yangu mudogo. Usimusahau!"

Mke mdogo! Mzee wa kanisa! Nyundo ikaniponyoka, lakini fundi hamuulizi mteja habari za nyumba yake. Nikagonga jani kubwa, CHANDA, BIBI MDOGO, nikalichomelea kando ya jani la Mama Mulenga.

Harusini mchungaji akayasoma majani kwa sauti. Alipofika hapo, vigelegele vikakatika. Mama Mulenga akasimama, macho kwa mumewe: "Chanda wa wapi?"

"Ni miye!" kikaitika kitoto chenye pengo, kimeshika kitenge cha Mama Mulenga.

Mjukuu wao. Mjinga mimi! Hata babu yangu alimwita dada yangu mke wake.

Tata Mulenga aliinua kidole taratibu, kikanitafuta nyuma ya nguzo, na kanisa lote likageuka.